Ardhi Iliyouzwa kwa Karatasi: Walanguzi wa Mashamba katika Magharibi ya Marekani

Katika mwaka wa 1835 mtu mmoja jina lake William Ogden, mwenye umri upatao miaka 30, alifika Chicago kutoka jimbo la New York ili aangalie ardhi ambayo shemeji yake, Charles Butler, alikuwa ameinunua kwa dola 100,000. Wakati huo Chicago haikuwa mji wa kusifiwa. Miaka miwili kabla ya hapo wakazi wake walikuwa wapata 350 tu. Ogden aliikuta ardhi ile imejaa maji na majani marefu, na alipoikanyaga miguu yake ilizama katika matope. Alimwandikia shemeji yake kwamba amefanya jambo la upumbavu. Hata hivyo aliifanya kazi aliyotumwa: alitengeneza njia za kutolea maji, akapima barabara na viwanja, kisha akatangaza mnada. Alipokwisha kuuza theluthi moja tu, zile dola 100,000 zilikuwa zimerudi zote. Ogden mwenyewe alistaajabu, kwa sababu hakuona katika matope yale kitu chochote cha kustahili bei kubwa namna ile.

Mshangao wake ulikuwa wa haki. Katika ardhi ile halikuwa limevunwa hata gunia moja la mahindi, wala halikujengwa jengo la maana. Waliokuja mnadani hawakununua mazao wala rutuba. Walinunua tumaini kwamba nyuma yao wanakuja watu wengine wengi, na kwamba watu hao watahitaji mahali pa kukaa. Mtu anunuaye ardhi kwa nia hiyo, asiilime bali aishike mpaka bei ipande, ndiye mlanguzi wa ardhi. Biashara yake haifanani sana na ya mlanguzi wa nafaka. Nafaka ikikawia ghalani huliwa na wadudu, lakini ardhi haiozi. Kinachomla mlanguzi wa ardhi ni riba ya fedha alizokopa ili ainunue, na riba hailali usiku wala haijui siku ya mapumziko.

Kabla ya ardhi kuuzwa ilikuwa lazima kwanza iwe ya muuzaji. Nchi yote ya kandokando ya Chicago ilikuwa ya wenyeji wa asili, ambao Wazungu waliwaita Wahindi Wekundu. Katika Septemba 1833 kabila la Potawatomi, pamoja na wenzao wa Odawa na Ojibwe, walitia alama zao katika mkataba ulioipa Serikali ya Marekani eka zipatazo milioni 5, nao wakatakiwa kuhamia ng'ambo ya mto Mississippi. Mikataba ya namna hiyo ilifanywa mingi, mmoja baada ya mwingine, na aghalabu chini ya shuruti. Wino ulipokauka tu, wapima ardhi waliingia.

Upimaji huo ndio msingi wa biashara yote, na inafaa kuueleza vizuri. Sheria ya mwaka wa 1785 iliagiza kwamba nchi ikatwe miraba, kila mraba mkubwa uwe na maili sita kwa sita, na ndani yake iwe miraba midogo 36 ya maili moja kwa moja. Mraba wa maili moja una eka 640. Kila mmoja ulipewa nambari, na ule wa 16 uliwekwa kwa ajili ya shule. Wapimaji walitumia mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi 66. Minyororo 80 ni maili moja kamili, na minyororo 10 ya mraba ni eka moja, hata karani aliyeketi mezani aliweza kupiga hesabu ya shamba bila taabu. Katika kila pembe walisimamisha nguzo au walitia alama miti, wakaandika daftarini habari za udongo, mito na misitu.

Faida ya mpango huu ilionekana wazi kwa wale walioukosa. Katika jimbo la Kentucky mashamba yalipimwa kwa desturi ya zamani, kutoka mti fulani hadi kijito fulani, na mara nyingi hati mbili au tatu zilidai ardhi ile ile. Thomas Lincoln, baba yake Abraham Lincoln, alipata hasara Kentucky kwa sababu ya hati zisizokuwa imara, na katika mwaka wa 1816 aliihamisha jamaa yake mpaka Indiana, mahali palipopimwa na Serikali. Abraham alikuwa na umri wa miaka saba.

Lakini mpango ule ule uliompa mkulima mpaka wa hakika ulimpa na mlanguzi chombo chake. Shamba lililokuwa na nambari liliweza kuuzwa mbali. Mtu wa New York au wa London aliweza kununua mraba fulani wa Illinois bila kuuona kamwe, akamwuzia mwingine ambaye naye hakuuona, na nambari ikapita mkono hata mkono huku nyasi zikiendelea kuota kama siku zote.

Bei ya Serikali hapo kwanza ilikuwa dola 1 kwa eka, kisha dola 2 tangu mwaka wa 1796, na mnunuzi alilazimika kuchukua eka nyingi kwa mara moja. Sheria ya mwaka wa 1800 iliruhusu watu watoe robo ya bei na kulipa sehemu iliyobaki katika muda wa miaka minne. Ilionekana kuwa ni huruma kwa maskini, lakini wengi walichukua ardhi kuliko nguvu zao, wakitumaini kuuza sehemu kabla ya siku ya kulipa. Katika mwaka wa 1819 bei ya pamba na mazao mengine ilianguka, na deni la wanunuzi wa ardhi kwa Serikali likawa limepita dola milioni 20. Mwaka uliofuata mkopo ulifutwa. Tangu hapo eka iliuzwa kwa dola 1 na senti 25, fedha mkononi, na kiasi cha chini kilikuwa eka 80, yaani dola 100.

Ungedhani kwamba sheria hiyo ingeukomesha ulanguzi. Haikuukomesha, kwa kuwa mkopo uliotoka mlango wa Serikali ulirudi kwa dirisha la benki. Katika miaka ya 1830 benki nyingi ndogo zilichapisha noti zao wenyewe, nazo zilizunguka kwa njia ya ajabu. Mlanguzi alikopa noti katika benki, akazipeleka kwenye ofisi ya ardhi na kupata shamba. Mwenye ofisi akaziweka fedha za Serikali katika benki. Benki ikiisha kuzipokea ilimkopesha mtu mwingine, naye akaenda zake ofisini kununua shamba lake. Noti zile zile ziliweza kununua mashamba manne au matano, na dhamana yake ilikuwa ni bei ya mashamba yenyewe.

Hesabu zinaonyesha jinsi moto ulivyowaka. Katika mwaka wa 1833 Serikali iliuza eka zisizofika milioni 4. Katika mwaka wa 1835 ziliuzwa zaidi ya milioni 12, na katika mwaka wa 1836 zilifika milioni 20. Mwaka huo Hazina ya Marekani ilipata fedha nyingi kwa kuuza ardhi kuliko kwa ushuru wa forodha, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mwandishi Mwingereza Harriet Martineau alipita Chicago mwaka ule ule, akaandika kwamba alimwona mtu mweusi aliyevaa nguo nyekundu, amepanda farasi mweupe na kushika bendera nyekundu, akitangaza saa za mnada. Kila aliposimama watu walimzunguka. Wenye maduka nao walisimama milangoni wakiwaita wapita njia ili wawauzie viwanja. Wengi waliweka tumaini lao katika mfereji uliokusudiwa kuunganisha ziwa Michigan na mto Illinois, ambao ulianza kuchimbwa katika mwaka huo wa 1836 na haukwisha mpaka 1848.

Tarehe 11 Julai 1836 Rais Andrew Jackson aliamuru kwamba ofisi za ardhi zisipokee tena noti za namna hiyo, ila dhahabu na fedha. Mkulima aliyetaka kukaa mwenyewe katika shamba dogo alipewa muda mrefu kidogo kuliko mlanguzi. Mara kila mtu akataka dhahabu, na dhahabu haikuwako ya kutosha. Katika Mei 1837 benki za New York ziliacha kubadili noti kwa dhahabu, na za miji mingine zikafuata. Wanahistoria hawakubaliani kama amri ile peke yake ndiyo iliyoleta msiba, kwa maana mambo ya Uingereza na bei ya pamba yalihusika pia. Lakini juu ya matokeo hakuna ubishi: katika mwaka wa 1841 Serikali iliuza eka zisizofika milioni 2. Huko Chicago, ambayo sasa ilikuwa na watu kama 4,000 na Ogden ndiye meya wake wa kwanza, wadeni walikutana na kutaka mahakama zifungwe ili wasishtakiwe. Ogden alisimama akawasihi wasiuaibishe mji wao mchanga kwa kukataa kulipa madeni.

Chicago ilikuwa angalau na mahali pake. Ilikuwako miji mingine ambayo haikuwa na kitu ila ramani yake. Mtu aliweza kununua mraba mmoja wa ardhi kwa bei ya Serikali, akamwagiza mchoraji achore barabara pana, soko, kanisa, chuo na gati ya meli, kisha akauza viwanja katika miji mikubwa ya mashariki. Mji wa Cairo katika Illinois ulikuwa na sifa moja ya kweli, kwamba ulikuwa mahali ambapo mto Ohio unaingia katika Mississippi. Kampuni ya Darius Holbrook iliitumia sana sifa hiyo katika kuuza hati za mkopo London. Haikutiliwa mkazo kwamba mahali palipokutana mito miwili mikubwa namna ile ndipo palipofurika pia. Nyumba ya biashara ya London iliyouza hati zile ilifilisika katika mwaka wa 1840, na wakazi wengi wa Cairo wakaondoka. Charles Dickens alipita hapo katika mwaka wa 1842, na baadaye, katika hadithi yake ya Martin Chuzzlewit, alibuni mji wa udanganyifu uitwao Eden, ambao mfano wake ulikuwa Cairo.

Waliotoa fedha kwa ajili ya Cairo walipata hasara ya fedha. Hasara ya watu wa kabila la Creek katika Alabama ilikuwa ya namna nyingine. Kwa mkataba wa mwaka wa 1832 kila mwenye jamaa alipewa haki ya eka 320, na wakuu 90 walipewa eka 640 kila mmoja. Kila mtu aliweza kukaa katika shamba lake au kuliuza, na mauzo yalipaswa kushuhudiwa na ofisa wa Serikali. Walanguzi waliona mlango. Walimchukua mtu mmoja wa Creek, wakamfikisha mbele ya ofisa, akajitaja kwa jina la mtu mwingine na kuuza shamba la huyo ambaye hakuwa na habari yoyote. Kesho yake aliletwa tena kwa jina jingine. Mara nyingine fedha zilihesabiwa kweli mbele ya ofisa, muuzaji akazipokea, na walipotoka nje zikarudishwa kwa mlanguzi isipokuwa kiasi kidogo. Karatasi zote zilikuwa sawasawa, zenye majina, tarehe na mashahidi, na mwenye shamba alipata habari siku alipofukuzwa. Serikali ilianza uchunguzi, lakini vita vilizuka katika mwaka wa 1836, na watu wa Creek kwa maelfu wakapelekwa kwa nguvu mpaka nchi ya magharibi ya Mississippi, wengine wakiwa wamefungwa minyororo.

Mkulima wa Kizungu asiye na fedha naye alikuwa na taabu zake, ingawa hazilingani na hizo. Mara nyingi alitangulia mbele ya wapimaji, akajenga kibanda na kulima, akingoja ardhi itangazwe mnadani. Watu hao waliitwa maskwota. Neno hili wasomaji wa Kenya walilijua zamani kwa maana nyingine, yaani mtu aliyefanya kazi katika shamba la setla ili apate mahali pa kulima na kulisha mifugo. Huko Marekani maana yake ilikuwa mtu aliyekaa katika ardhi ya Serikali bila hati. Siku ya mnada maskwota walikwenda pamoja, wakiwa na daftari yao wenyewe ya mipaka. Mmoja wao aliitaja bei ya chini ya Serikali kwa kila shamba, na wengine walinyamaza. Mgeni aliyethubutu kutaja bei ya juu alikuwa katika hatari ya kupigwa au kutoswa mtoni. Katika mwaka wa 1841 sheria ilikubali kwamba aliyetangulia kukaa awe na haki ya kununua eka 160 kwa dola 1 na senti 25 kwa eka, kabla ya mtu mwingine.

Lakini eka 160 kwa bei hiyo ni dola 200, nazo wengi hawakuwa nazo. Hapo aliingia dalali wa mji mdogo. Serikali ilikuwa imewapa askari wa zamani hati za ardhi badala ya fedha, na tangu 1852 hati hizo zote ziliweza kuuzwa kama kitu kingine chochote. Askari wengi waliziuza, na dalali alizipata kwa bei nafuu kuliko ile ya Serikali. Katika Iowa alichukua hati moja, akaliandikisha shamba la mkulima kwa jina lake mwenyewe, akampa mkulima karatasi ya ahadi kwamba akilipa deni baada ya mwaka mmoja au miwili atapewa shamba. Riba iliweza kufika asilimia 40 kwa mwaka. Basi aliyekopa dola 200 alitakiwa kurudisha dola 280 baada ya mwaka mmoja, na mwaka ule ulikuwa ndio wa kwanza wa kuvunja udongo. Akishindwa, nyumba, kisima na ua vyote vilikuwa vya dalali.

Juu ya watu hawa wataalamu wamebishana. Paul Wallace Gates, aliyechunguza sana mambo ya ardhi ya Illinois na Indiana, aliona kwamba walanguzi waliwafanya wakulima wengi kuwa wapangaji katika nchi iliyoahidiwa kuwa ya wenye mashamba. Robert Swierenga, aliyepekua daftari za Iowa, alisema kwamba dalali alileta mikopo mahali ambapo hakuna mwingine aliyekubali kukopesha, na kwamba wakulima wengi walilipa na kupata hati zao. Huenda wote wawili ni wakweli, kila mmoja kwa jimbo lake. Walakini aliyelipa asilimia 40 alilipa kwa sababu hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mlango huo ulidhaniwa kufunguliwa tarehe 20 Mei 1862, Rais Abraham Lincoln, mwana wa Thomas, alipotia sahihi sheria iliyotoa eka 160 kwa ada ndogo kwa yeyote atakayekaa na kulima miaka mitano. Kwa sheria hiyo watu milioni 1.6 hivi walipata mashamba, na hilo si jambo dogo. Lakini mtu aliyekaa miezi sita tu aliweza kununua shamba kwa bei ya zamani, na kipengele hicho kiliwapendeza walanguzi. Waliwatuma vibarua waape kwamba wamekaa. Ziko habari za nyumba zilizowekwa juu ya magurudumu na kukokotwa kutoka shamba hadi shamba, na za mashahidi walioapa kwamba nyumba ina kumi na mbili kwa kumi na nne, bila kusema kama ni futi au ni inchi.

Wakati huo huo kampuni za reli zilipewa ardhi na Serikali kuu ipatayo eka milioni 130, mraba mmoja wa kampuni na mmoja wa Serikali, kama bao la dama. Kampuni hizo zilikuwa na wakala katika Ulaya na zilichapisha vitabu vya sifa kwa lugha nyingi. Hata hivyo hazikufanana kabisa na mlanguzi wa kawaida. Mraba mtupu haupakii ngano katika gari la moshi. Kampuni ilihitaji mkulima aishi na kuvuna kuliko ilivyohitaji bei kubwa. Ndiyo sababu kampuni ya Burlington, ilipouza mashamba ya Nebraska katika miaka ya 1870, iliwapa wanunuzi miaka 10 ya kulipa, kwa riba ya asilimia 6.

Mwisho wa karne ardhi tupu ilikuwa imekuwa haba. Saa sita ya mchana, tarehe 22 Aprili 1889, bunduki zililia mpakani mwa eneo la eka kama milioni 2 katika Oklahoma, na watu kwa makumi ya maelfu walikimbia kwa farasi, magari na miguu ili kila mmoja ajipatie sehemu. Ilipofika jioni, mahali paitwapo Guthrie, ambapo asubuhi palikuwa na kituo cha reli na majengo machache, palikuwa na watu wapatao 10,000 katika mahema, na viwanja vilikuwa vimeanza kuuzwa na kugombewa. Ardhi ile ilikuwa imetolewa kwa Serikali katika mwaka wa 1866, kwa mikataba iliyofanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na makabila ya Seminole na Creek. Ilikuwa sehemu ya nchi ambayo watu wa Creek walipewa walipoondolewa Alabama.